Vigingi Vitatu vya Gitaa la Mkwe

Niseme tangu mwanzo, msije mkanihurumia nusu ya kisa halafu mkanigeuka: aibu hii niliishona mwenyewe, kwa uzi wangu na sindano yangu, na kama kuna mtu kijijini Wamaza anayecheka hadi leo akisikia jina langu, ana haki. Wapo ambao hawakucheka. Hao ndio wanaoniuma.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kasongo, nina meza yangu sokoni upande wa wauza chumvi, na Jumamosi alasiri nikishafunga kazi huwa nakwenda nyuma ya kibanda cha kuchajia simu, ambako sisi wapiga gitaa wa kujifurahisha (hakuna hata mmoja wetu anayeishi kwa gitaa, msidanganywe na miwani yetu ya jua) tunakalia mabidoni, yale madumu matupu ya mafuta, na kubishana. Kupiga tunapiga kidogo. Kubishana ndiyo kazi yenyewe: amplifikateri (kile kikuza sauti) ya nani inakoroma, nani ameng'oa sumaku ya spika ya redio akaigeuza maikrofoni ya gitaa, waya wa freni ya baiskeli aina gani unatoa uzi wenye sauti safi, maana nyuzi za dukani huku ni habari ya kusikia tu, sisi tunafumua waya wa freni, uzi mmoja mmoja, tunaupangusa mafuta, tunaukaza. Na hapakosekani mtu wa kutoa simu atuonyeshe picha ya gitaa la kiwanda, jekundu, linang'aa, tunaipitisha mkono kwa mkono mpaka kioo kizime.

Langu lilikuwa la mkono. Alilichonga mkwe wangu, mzee Mulonda, seremala wa Wamaza, na kichwani alilitia vigingi sita vya mti mweusi, vile vijiti vya kuzungusha ili uzi ukaze, kila kigingi amekichoma nukta mbili kwa ncha ya msumari wa moto. Alinikabidhi siku niliyopeleka mahari, mbele ya ndugu zake ambao hawakutaka kabisa binti yao Faida aolewe na mtu wa mjini asiyejua hata kushika jembe. Mzee akaniambia nipige, nikapiga wimbo wake aliokuwa akiuimba kazini, na nilipomaliza akawaambia ndugu zake kwamba maneno yamekwisha, huyu sasa ni wetu. Halafu akanigeukia mimi.

"Hii gitare iko ya hii nyumba," akasema. "Weye uko mukono yake tu."

Niliinamisha kichwa kwa heshima, kama mtu anayesikia, na neno lenyewe likapita.

Miaka minane nimelipiga gitaa lile, limening'inia kwenye msumari ukutani kwangu, na jioni Faida akipika nami nikipiga, alikuwa akiufuata wimbo wa baba yake kwa sauti ya chini bila kujijua. Mzee akafariki. Muda wa msiba ukapita, familia ikapanga siku ya kutoa matanga, na kwa desturi ya kwao siku hiyo kila kitu cha marehemu kinarudishwa nyumbani, hata kile alichokwisha kumpa mtu, kinawekwa juu ya mkeka uani, kisha dada yake mkubwa, shangazi wa akina Faida, anagawa upya mbele ya wote. Nilijua kwamba gitaa litarudi kwangu. Nani mwingine angelipiga? Lakini lilipaswa kufika mkekani, na mimi nilipaswa kupiga siku hiyo.

Sasa hapo ndipo shetani wangu alipopata nafasi, kwa sababu wiki mbili kabla nilikuwa nimebadilishana cherehani yangu ya pili (ndiyo, cherehani nzima, nichekeni tu) na mfanyabiashara mmoja aliyetoka upande wa Bukavu, akanipa gitaa jekundu la kiwanda pamoja na kiamplifikateri cha kutumia mawe ya redio, yaani betri. Jumamosi iliyofuata nilifika kibandani natembea kama gavana. Ramazani, ambaye ni fundi wa pikipiki na ndiye mpiga besi wetu, aliligonga tumboni kwa kidole, akalinusa, akasema mbele ya kila mtu: "Hii haiko mbao, Salumu. Iko karato na vernis." Yaani karatasi ngumu ya maboksi iliyopakwa rangi ya kung'aa. Nikasema ana wivu. Alikuwa hana wivu, alikuwa na macho.

Wiki haijaisha, vyuma vitatu kati ya vile sita vya kichwani vya kukazia nyuzi vikaliwa meno, unazungusha, unazungusha, uzi umelala tu. Ramazani akasema nisubiri, atanitafutia vingine. Zilibaki siku nne kwenda Wamaza. Ningeweza kuliacha karato nyumbani nikaenda na gitaa la mzee peke yake, kama mtu mwenye akili, lakini nilikuwa nimekwisha kuwatangazia mashemeji kwa simu kwamba mara hii watasikia chombo, na sikutaka kuonekana mwongo. Faida alikuwa ametangulia kwao kusaidia mapishi. Nikaliteremsha gitaa la mzee kutoka msumarini, nikang'oa kigingi kimoja. Kimoja tu, nilijiambia. Nikapanua tundu la gitaa jekundu kwa msumari wa moto, kigingi kikaingia, kikashika vizuri sana, yaani vizuri kiasi kwamba nikang'oa cha pili, na cha tatu.

Nilipanga kuvirudisha baadaye. Huo ndio ukweli wangu, hata kama haunisaidii.

Kilichobaki kilikuwa kuficha, na kuficha ndiyo kazi ya fundi cherehani. Mimi ndiye niliyeshona kitenge cha sare ya familia, nikachukua vipande vilivyobaki nikavifunga kichwani mwa gitaa jekundu kama pambo, mtu akiona aseme Salumu amelivalisha gitaa sare ya matanga. Gitaa la mzee nikalishonea mfuko wa turubai, na mdomo wa mfuko nikaufunga kwa mshono wa mara mbili, ili shangazi alipokee likiwa mfukoni na anirudishie likiwa mfukoni. Nilijisifu kwa mpango huo njia nzima, juu ya pikipiki, gitaa moja mgongoni, jingine kifuani, tope mpaka magotini.

Uani kwa mzee watu walikuwa wamejaa. Mkekani kulikuwa na randa yake, tezo, koti, redio, kiko, na mimi nikauweka mfuko wangu pembeni kwa adabu zote. Kisha nikawasha kiamplifikateri nikaanza. Na niwaambieni, nilipiga. Nyimbo tatu, akina mama wanacheza, vijana wamenizunguka wanauliza habari za chombo, nami nikaanza kuwasomesha, kwamba kitu cha kiwanda ni kitu cha kiwanda, kwamba haya ya kuchonga kwa mkono yana heshima yake lakini hayawezi kushika sauti sawasawa. Nilisema hivyo uani kwa mzee Mulonda, siku ya matanga yake. Shemeji yangu Kibonge, mdogo wake Faida, alikuwa amesimama hapohapo akinisikiliza.

Ugawaji ulipofika kwenye gitaa, shangazi akauinua mfuko akaushika kifuani. Akasema anajua linakwenda kwa nani, lakini kwanza anataka kulisikia, kwa sababu hilo ndilo lililobaki na sauti ya kaka yake. Watu wakaitikia. Nikasema kwa huzuni kubwa kwamba haiwezekani, nyuzi zimekatika njiani kwa mitikisiko, nisameheni, nitazifunga nikifika Kasongo.

Uongo huo ungetosha kuniokoa mahali pengine popote duniani. Wamaza haukutosha.

"Nyuzi haiko shida, shemeki," akasema Kibonge. "Baba alikuwa anatoa ku freni."

Akaenda kwenye baiskeli yake iliyoegemezwa ukutani. Nyinyi mnajua Kibonge anaishi kwa kazi gani: anasukuma mabidoni ya mawese, vilima juu na chini, na freni ile ndiyo inayozuia mzigo usimpite mbele ukaenda na mguu wake. Alifungua waya kwa koleo, akauchomoa, akachuchumaa juu ya jiwe akaanza kuufumua, uzi mmoja, akaupangusa kwa shati lake la sherehe, uzi wa pili. Kazi hiyo haina haraka. Watu wote walimtazama, na mimi nilikuwa na muda wote huo wa kusema, shemeji acha, rudisha waya wako, kosa ni langu. Nilifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza nikakohoa, mara ya pili nikaomba maji.

Shangazi akatafuta mdomo wa mfuko, akaugeuza huku na huku, akauliza kwa nini umeshonwa kama gunia la mpunga. Nikasema vumbi. (Siku ya mvua ile.) Kibonge akaupasua kwa kisu.

Gitaa likatoka na matundu matatu matupu kichwani, nyuzi tatu zimelegea zinaning'inia. Shangazi alitia kidole kwenye tundu la kwanza, la pili, la tatu, polepole, kama mtu anayepima meno ya mtoto, kisha akanitazama. Na mimi, badala ya kukiri, Mungu anisamehe, nikasema vigingi lazima vimeanguka njiani.

"Vimeanguka njiani," akasema shangazi, "ndani ya mufuko yenye weye mwenyewe umeshona?"

Hapo wakacheka. Kicheko cha watu wengi mnakijua, kinaanzia nyuma kwa vijana, kinafika kwa wazee, mpaka mama mmoja aliyebeba sufuria akaiweka chini. Mimi nami nikacheka kidogo, ndugu zangu, nilicheka ili nionekane mwenzao.

Faida hakucheka. Alitoka jikoni na kitenge chake cha sare, akapita mbele yangu bila kunitazama, akaenda moja kwa moja kwenye gitaa jekundu lililoegemea kiti, akakifungua kile kitambaa nilichokifunga kwa maringo. Vigingi vitatu vyeusi, nukta mbili mbili, vikaonekana katikati ya vyuma vinavyong'aa. Kicheko kikakatika palepale. Aliijua alama ile kabla hajajua kusoma.

"Virudishe," akaniambia. "Weye mwenyewe, hapa."

Nikapiga magoti mkekani, katikati ya randa na koti la marehemu, nikavichomoa kimoja kimoja mbele ya ukoo mzima, na kila nilipochomoa, uzi wa gitaa jekundu ulilia kidogo kisha ukalegea, na kiamplifikateri changu cha kifahari, ambacho nilisahau kukizima, kilikuwa kinamtangazia kila mtu. Vikaingia mahali pake kwenye gitaa la mzee bila hata kusukumwa. Kibonge akafunga nyuzi za freni yake, akazikaza, akazisikiliza kwa sikio kama baba yake, akampa shangazi. Nikanyoosha mkono nilipokee, kwa mazoea tu. Shangazi akaupita mkono wangu, akamrudishia Kibonge.

Kibonge hajui gitaa. Anajua kuweka vidole mahali pawili, basi. Alipiga wimbo wa mzee kwa mahali hapo pawili, akikosea, akirudia, na watu wazima walilia, na Faida akaimba mpaka mwisho kwa sauti ambayo kwangu hakuwahi kuitoa. Mimi nilikaa na karato yangu miguuni. Jioni hiyo shangazi alitangaza kwamba gitaa halitatoka tena nyumbani, na hakunitukana hata kwa neno moja, afadhali angenitukana.

Faida alirudi kwa pikipiki nyingine. Alipofika nyumbani aliweka mizigo, akachukua koleo langu, akang'oa ule msumari wa gitaa ukutani. Hatukuzungumza jambo hilo siku hiyo, wala hatujalizungumza.

Kibandani kwa wapiga gitaa habari ilinitangulia, mnajua pikipiki zinavyobeba maneno. Ramazani, mwenye haki kuliko wote ya kunicheka, alinisogezea bidoni nikae, akaongea habari za besi. Siku hizi wakianza kubishana juu ya cha kiwanda na cha mkono mimi naangalia viatu vyangu. Nilimtumia Kibonge waya mpya wa freni, mzuri, mzito, pamoja na salamu za kuomba msamaha. Mpelekaji akarudi na jibu kwamba shemeji anashukuru, ameufumua, ameuweka akiba ya nyuzi za gitaa. Baiskeli bado anaizuia kwa kisigino, vilima vyote vile, na mimi nikisikia kuna mtu ameanguka na mawese huko, moyo unasimama mpaka nisikie jina.

Viapo nimeapa vingi: sitang'oa kitu cha mtu, sitashona mdomo wa mfuko, sitamsomesha mtu habari ya ubora wa gitaa maisha yangu yote. Hivyo ni rahisi, maana sina tena gitaa la kupiga, na karato yangu ina matundu matatu matupu. Kigumu ni kimoja. Faida huwa anauimba wimbo wa baba yake akipika, lakini anauimba nikiwa sipo, na akisikia mlango ananyamaza. Kwa hiyo nikitoka sokoni nikamsikia kutoka njiani, nakaa juu ya jiwe la jirani na cherehani yangu kichwani mpaka amalize, ndipo ninapiga hodi.