Neno Nililomnyima Mzee Kimani

Mimi hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishangaza. Nasema hivyo bila kujisifu, ingawa hata nikijisifu nina haki. Niliacha shule darasa la sita nikiwa na shati moja, na leo nina maduka mawili ya vifaa vya ujenzi, moja Free Area na lingine upande wa Njoro, malori matatu ya kubeba kokoto, na vijana wenye digrii ambao husimama ninapoingia ofisini. Nimetapeliwa na mhubiri, nimeokolewa na mlevi, nimeona ndugu wa tumbo moja wakigombania mabati ya nyumba ya baba yao kabla maua ya kaburi hayajanyauka. Binadamu namjua ndani nje. Lakini kuna harufu moja, ile ya maganda ya kahawa yanayooza kando ya kiwanda, tamu na chungu kwa pamoja, ambayo nikiipata hata nikiwa ndani ya gari na vioo vimefungwa, lazima niegeshe kando ya barabara. Papo hapo nina miaka minane, niko Subukia, ni msimu wa kuchuma, na mtu mzima amepiga magoti mbele yangu.

Kwetu mtoto hapewi jina tu, anapewa mtu. Kijana wa kwanza ni baba ya baba yake amerudi. Mimi ni Njoroge kwa sababu babu yangu alikuwa Njoroge, naye alikufa miaka miwili kabla sijazaliwa, kwa hivyo nyanya yangu, ambaye tulimwita shosho, aliniita mume wangu. Wageni walicheka, na yeye alicheka nao, lakini kikombe cha kwanza cha chai kilikuwa changu kabla ya baba yangu, na kiti cha babu cha miguu mitatu hakuna mwingine aliyekikalia. Wazee waliopita walinipa mkono na kuniuliza kama mgongo umepona. Nilizoea kujibu kwamba umepona. Mtoto huzoea upesi kuwa mtu mwingine. Kitu ambacho sikukizoea ni namna shosho alivyonitazama nikila, kimya, kama anayengoja msafiri amalize chakula ndipo aseme habari za alikotoka. Siku moja, ukungu ulipoteremka na kufunika mikahawa yetu shambani mpaka tukawa hatuioni, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Huko ni baridi?" Nilidhani anauliza kuhusu shuleni. Nikasema ndiyo, ni baridi sana. Akainuka, akaenda kwenye sanduku, akanivalisha koti la babu.

Shosho alikuwa na ugonjwa wake mmoja, nao ulikuwa lango. Lilikuwa lango la fito na waya, la kuinua na kushika kwa kitanzi, na hatukuwa na mali ya kulindwa nalo zaidi ya mbuzi wawili waliofungwa kamba. Hata hivyo kila aliyeingia kwetu, awe shemasi au muuza chumvi, aliulizwa kabla ya salamu: lango umelifunga? Sisi watoto tulikuwa tukimwiga kwa mchezo. Basi alasiri moja yeye na mama walikuwa wamepeleka kahawa kiwandani ng'ambo ya mto, nami nimekaa kwenye kile kiti chini ya ukingo wa paa, koti limenifunika mpaka miguuni kwa sababu ya manyunyu, akatokea jirani yetu Mzee Kimani. Shamba lake na letu yalipakana, watoto wake walikuja kwetu kuomba moto, lakini yeye mwenyewe sikuwahi kumwona akikanyaga kwetu. Alisimama mbele yangu amevua kofia. Mimi ndiye niliyekuwa mwenye nyumba siku hiyo, nikafanya kama mwenye nyumba anavyofanya. Nikamuuliza, "Lango umelifunga?"

Sikuwahi kuona mtu mzima akiisha rangi. Midomo yake ikawa kijivu, kofia ikamwanguka topeni na hakuiokota. Alishuka taratibu, goti moja kisha la pili, akaweka mikono juu ya mapaja kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Njoroge," akasema. "Kumbe siku zote umekuwa ukijua."

Alinieleza yote pale pale. Zamani za mzungu, yeye na babu walichunga ng'ombe wa maziwa katika shamba lile lile ambalo baadaye wazee wetu walilinunua kwa hisa na kugawana. Asubuhi moja ya umande mwingi zamu ya lango ilikuwa yake. Akaliacha wazi, akaenda kuota moto. Ng'ombe wakaingia kwenye lishe, yale majani ya maua ya zambarau ambayo yakiliwa na umande wake hujaza tumbo hewa mpaka mnyama anakosa pumzi, na kabla ya saa nne walikuwa wamelala kumi na mmoja, miguu imekakamaa. Babu ndiye aliyewahi kufika kuwatoa, na ndiye aliyekutwa ameshika lango. Mzungu alipouliza ni nani, Kimani alinyamaza. Babu alichapwa mbele ya mke wake, akafukuzwa na jamaa yake yote, wakaishi miaka tisa kwenye mashamba ya watu. Ule mgongo ambao wazee walikuwa wakiniulizia, kumbe ni huo. Babu aliapa mpaka siku ya kufa kwamba hakuwa yeye, na shosho, sijui kama alimwamini. Nadhani hakujua mwenyewe. Ndiyo maana alimuuliza kila mgeni.

"Sema umenisamehe," Mzee Kimani akaniambia. "Ukishasema, Jumapili nitasimama kanisani niseme mbele ya watu wote. Lakini kabla wewe hujasema, siwezi."

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Kwa mtoto hilo ni neno dogo, hulisema mara tano kwa siku akigombana na wenzake. Lakini nilimtazama mtu yule, mrefu kuliko baba yangu, akiwa chini ya macho yangu, nikaonja utamu ambao sikuujua jina lake. Nikasema, "Bado."

Akarudi siku ya tatu na ndizi mbivu. Akarudi tena na asali ndani ya kopo la maziwa. Alijua saa ambazo shosho yuko kiwandani, na nilikuwa nikimsikia analifunga lango, kisha anarudi kulijaribu, kisha anarudi tena. Mara nyingine hakuja karibu, alisimama tu katikati ya mikahawa kwenye ukungu, naona kofia peke yake. Nikimaliza kula aliniuliza, nami nikasema bado. Akaanza kuzungumza nami habari za ujana wao, akacheka, nami nikacheka pale palipofaa. Alasiri moja alinikumbusha ng'ombe mmoja wao mkali, mweusi, aliyewahi kumpiga teke. Nikamwambia hapana, hakuwa mweusi, alikuwa mwekundu mwenye doa jeupe kwenye titi. Aliacha kutafuna. Akasema polepole kwamba ni kweli, alikuwa mwekundu. Mimi pia niliacha kutafuna, kwa maana sikujua nimelitoa wapi jambo hilo, na mpaka leo sijui. Nilitazama mikono yangu ikitoka ndani ya lile koti la marehemu nikaona kama si yangu.

Mtu mwingine angeogopa akaacha. Mimi niliogopa na nikaendelea, kwa sababu asali ilikuwa asali.

Mvua ilipokaza, Mzee Kimani aliacha kuja. Kifua kilimlaza. Siku ya nne, mchana, alikuja Wambui, binti yake wa mwisho, mtoto wa miaka mitano, miguu mitupu, akasema baba anamtaka Njoroge. Baba yangu na amu zangu walitazamana. Shosho hakushangaa hata kidogo. Alinipangusa uso kwa kitambaa chake akasema, "Nenda, mume wangu. Rafiki yako anakuita." Njiani niliamua kwamba leo nitalisema, kweli niliamua. Nyumba ilijaa moshi na harufu ya majani ya kifua yaliyochemshwa, na watu wazima walinipisha mlangoni mmoja baada ya mwingine, wengine wakainamisha vichwa. Mzee Kimani alikuwa amekonda akabaki macho. Aliwapungia wote watoke, nao wakatoka.

"Sasa?" akaniuliza.

Nilisikia pumzi za watu nje ya ukuta, wote wakingoja, na wanayemngoja ni mimi. Nikataka kile kitu kidumu kidogo tu, siku moja zaidi. Nikasema, "Kesho."

Akageuza uso akatazama ukuta. Jua halijashuka tukasikia kilio.

Shosho aliniuliza alikuwa akitaka nini. Nikasema maji. Akauliza kama nilimpa, nikasema nilimpa. Kwenye mazishi mhubiri alinitaja, mtoto mdogo aliyemnywesha mzee maji yake ya mwisho, na watu wakanishika kichwa, na mjane wake akanishukuru huku analia. Kama ningesema kweli, ingebidi niseme na habari za asali. Basi nikanyamaza, kama Kimani alivyonyamaza, na nilikuwa nimejua tayari kunyamaza kulimfanya nini. Shosho aliishi miaka kumi na mmoja zaidi akiuliza wageni lile swali lake. Jibu alilolitafuta lilikuwa limelala kitanda kimoja na wajukuu wake, nami sikumpa. Aliendelea kuniita mume wangu, na kila aliponiita nilisikia kama kuna mtu nyuma yangu anayeitika kabla yangu, na sauti hiyo haikuwa ya kunipenda.

Watu husema ukatili hutokana na njaa, au na kupigwa, au na shida za dunia. Mimi nilikuwa nimeshiba na nilikuwa nimependwa kuliko watoto wote wa bonde lile. Niliufanya kwa sababu ulikuwa mtamu. Na sitadanganya kwamba niliuacha huko. Nilijifunza kwamba ukimfanya mtu angoje anakuheshimu, nikashuka Nakuru na elimu hiyo, na imenijengea ghorofa. Mafundi nimewaambia kesho. Madereva nimewaambia kesho. Ndugu yangu aliyekuja akiwa na mtoto hospitalini nilimwambia kesho, na hela ilikuwa mfukoni. Watu wanaita hiyo akili ya biashara, nami nilikuwa nikiitikia.

Mwaka jana nilikuwa nimesimama dukani Free Area nikiwafokea vijana, akaingia mwanamke kununua rangi. "Bosi," akasema, "siku hizi unanenepa peke yako, watu wa Subukia hata husalimii?" Alikuwa Wambui, yule binti wa mwisho wa Mzee Kimani. Tulicheka, nikamkatia bei, tukaulizana nani amekufa na nani ameuza shamba. Kisha akageuka akamwita mtoto wa miaka saba aliyekuwa akichezea mifereji ya plastiki. "Baba," akamwita, "kuja umsalimie mzee." Mtoto wa pili wa kiume wa mwanamke kwetu hupewa baba ya mama. Nilijua jina lake kabla sijaambiwa. Mtoto akaja mpaka mbele yangu akasimama. Hakunipa mkono, hakujificha, hakuniogopa. Alinitazama tu, kwa utulivu wa mtu aliyeambiwa arudi kesho, naye amerudi. Mama yake akamkemea kwa kukosa adabu. Mimi nilienda nyuma ya duka nikakaa juu ya magunia ya simiti mpaka walipoondoka, na vijana wangu wakadhani ni presha.

Jumamosi iliyofuata nilienda kwake. Anapanga nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kanisa. Nilienda kama mtu anavyoenda kwa wazee, na kondoo dume na vitu vya nyumba. Wambui aliposikia maneno mawili ya kwanza aliinua mkono.

"Usiniambie mimi," akasema. "Mwenyewe ndiye huyo."

Mtoto alikuwa mezani akifanya hesabu za shule. Nilipiga magoti kwenye simiti, mimi huyu, na suruali ya suti. Nikamwambia nimekuja aniondolee kosa.

"Nilifanyiwa nini?" akauliza.

Nikamweleza. Nilianza na ng'ombe kumi na mmoja, nikamaliza na kesho, na jina la babu yangu nikalisafisha hapo mbele ya watu wawili, miaka yote hiyo baadaye. Wambui alikuwa amejiziba mdomo kwa leso. "Na sisi tulikushukuru," alisema mara moja tu. "Mama alikuombea mpaka kufa kwa sababu ya hayo maji." Mtoto aliuma penseli akafikiri. Nilihesabu pumzi zangu nikingoja, na nikajua sasa kungoja kunavyokuwa ukiwa chini. Hazikufika kumi.

"Sawa, nimekusamehe," akasema. "Amka, magoti yatakuuma." Akarudi kwenye hesabu zake.

Hakuuliza nimeleta nini. Hakuniangalia mara ya pili. Shosho hayupo kusikia, kanisa lenyewe la Subukia lilibomolewa likajengwa lingine, na waliomcheka babu wamezikwa. Nikiwa na miaka minane lile neno lingenitoka bure, na wazee wawili wangelala vizuri. Nikiwa bosi wa Free Area, ukijumlisha kondoo, blanketi mbili, sukari, unga na petroli ya kwenda na kurudi, lilinigharimu shilingi elfu ishirini na tatu, mia nane na sitini.