Ijumaa za Funguo Mbili

Katika tawi la benki ninalofanya kazi, Mji Mkongwe, mlango wa chumba cha fedha haufunguki mpaka ziingie funguo mbili. Mmoja ninao mimi, wa pili anao mkuu wangu, mtu mzima ninayemwita Ami. Kanuni inasema mtu mmoja asishike zote mbili, hata kwa dakika moja. Lakini kila Ijumaa Ami akishatia udhu alinipa wake, mteja asije akakwama wakati yeye yuko msikitini. Mimi mwanamke nilibaki.

Naona aibu kusema kwamba nilifurahi. Sikusoma chuo. Kazi nilijifundisha kwa kusoma vitabu vya kanuni nyumbani, na kila kitu nakikagua mara tatu. Ule ufunguo ulikuwa cheti changu.

Kisha tukapewa mafunzo: ukiona kosa toa taarifa, hutafukuzwa. Sikuogopa kufukuzwa. Niliogopa Mbweni, ambako nyumba yetu na ya Ami zinatazamana, na mama angeulizwa kama kweli mwanawe kamshitaki mtu kwa kwenda kuswali. Na Ami alibakiza mwaka mmoja astaafu.

Niliandika taarifa mara sita. Sentensi zilikuwa safi, ila kuna kitu hakikukaa sawa. Ijumaa moja aliponinyooshea ufunguo, sikuupokea. Nilimpa karatasi.

"Nimekuandika, Ami. Na mimi nimejiandika."

Akavaa miwani. "Hati nzuri. Barua ya posa hii?"

Sikuweza kucheka. Alisoma mpaka mwisho, akarudi juu, akaweka kidole.

"Hapa umesema wewe umeupokea kwa miezi mitatu."

"Naam."

"Nnakupa tangu wiki yako ya kwanza. Miezi minane hiyo, mwanangu. Mimi umeniandikia miaka yote niliyowapa waliokutangulia, miezi yako ukaipunguza?"

Masikio yaliniwaka. Nilikata "mitatu", nikaandika "minane" juu yake. Karatasi ikachafuka, na kwa mara ya kwanza sikuiandika upya.

Adhana ilipoanza akautia ufunguo mfukoni.

"Waambie wateja wangoje," akasema, akatoka nao.

Niliwaambia. Wawili walinung'unika, mmoja akaomba kiti. Kisha nikaituma taarifa makao makuu, kabla Ami hajarudi.