Mwaka Niliopelekwa Kibeta

Mwezi uliopita mwanangu na mkewe walibishana sebuleni kwangu juu ya shule ya binti yao. Mama alitaka asome karibu, baba alitaka bweni, na wote wawili wakanigeukia mimi, mwalimu mstaafu, niamue. Sikuweza. Nilisema nakwenda kuangalia migomba, nikapanda basi hadi Kagoma, nikalala peke yangu kwenye kibanja cha marehemu baba. Basi nikusimulie, rafiki yangu, kilichoniziba mdomo.

Nyumbani tulikuwa watu watatu tu. Mama alifariki nikiwa bado nanyonya, kwa hiyo walikuwapo baba, bibi aliyemzaa baba, na mimi. Baba nilimwita Tata, kama watoto wote wa Kihaya. Nyumba yetu ilikuwa msonge wa nyasi, mkubwa, wenye giza la kupendeza. Chini tulitandika nyasi laini ambazo bibi alizibadilisha kila Jumamosi, na harufu yake, ikichanganyika na moshi na ndizi zinazochemka pamoja na maharage, ndiyo ninayoiita harufu ya nyumbani hadi leo. Kazi zangu zilikuwa kuchota maji, kumenya ndizi, na kuanua kahawa wingu likitanda. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ukifika, mimi na bibi tuliamka alfajiri kuwaokota kwenye majani yenye umande, tukawakaanga na kumpelekea Tata. Sisi hatukuonja. Mwanamke kula senene ulikuwa mwiko, wala sikumbuki kama niliwahi kutamani.

Usidhani Tata alikuwa adui wa kusoma. Alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri hasa, na ndiye aliyenifundisha herufi kabla sijaijua shule, akiwa amenipakata, kidole chake cheusi kwa utomvu wa migomba kikitembea juu ya kitabu cha nyimbo. Shule ya kijijini nilianza kwa ridhaa yake. Nilikwenda asubuhi, nikarudi kumenya ndizi za mchana, na jioni alinisomesha tena yale niliyosomeshwa, eti ahakikishe hawajanidanganya.

Shida ilikuja nilipomaliza darasa la nne. Enzi zile za Mwingereza, amri za serikali zilitufikia kupitia kwa mkama, mtawala wetu wa Kihaya, na watu wake, na amri ya mwaka ule ilisema wasichana waliofaulu waende bweni huko Kibeta, karibu na mji wa Bukoba. Tena mtoto akishaanza shule, mzazi hana ruhusa ya kumtoa. Mwalimu wetu alikuja mwenyewe kutupa habari, uso umejaa furaha. Tata alimkaribisha, akampa kahawa ya kutafuna, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Waitu mwalimu," akasema kwa heshima ya Kihaya, "nani aliniuliza?"

Mwalimu hakuelewa. "Ni amri, mzee. Na ni bahati ya mtoto."

"Mama yake hayupo. Mama yangu macho yanakwisha. Mtoto ninaye mmoja. Bahati sijaikataa. Nauliza tu, nani aliniuliza?"

Siku ya kuondoka ilipopita nami bado niko jikoni kwetu, tarishi wa mkama alikuja kumwita Tata barazani. Tulikwenda naye, bibi na mimi, tukaketi nje pamoja na wanawake wengine. Ukuta ulikuwa wa matete, kila neno lilipita.

"Sikukataa asome," nilimsikia Tata. "Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma. Shule iko hapa, aendelee hapa. Akikua, atakwenda anakotaka."

"Mtoto akisoma ni faida ya nchi nzima," mkuu wa baraza alimjibu. "Wewe ni nani uizuie nchi?"

"Mimi ni baba yake."

Watu wakacheka. Bibi hakucheka. Alinishika mkono akaubana mpaka ukauma. Hukumu ilikuwa kwamba Tata atalima barabara, yeye na wakaidi wengine, mpaka atakapokubali mtoto aende bweni.

Tulimpelekea chakula huko barabarani, ndizi zimefungwa kwenye jani la mgomba zikiwa bado na moto. Nilimkuta ameinama kwenye mtaro, miguu imejaa tope jekundu, mzee wa kanisa ambaye watu walimpigia magoti kumsalimia. Tarishi, kijana ambaye angeweza kuwa mwanawe, alikuwa amesimama juu yake. "Haya, mzee, chimba. Jua halikungoji." Tata alipotuona alijinyoosha, akatabasamu kana kwamba tumemkuta shambani kwake. Aliniuliza kama nimeanua kahawa. Nilisema ndiyo.

Kesho yake bibi alipokwenda kwa jirani, nilivaa gauni langu la kanisani, nikaenda nyumbani kwa mwalimu. Nilimkuta anakunywa uji.

"Nimekuja," nikamwambia. "Nipelekeni. Ila Tata aachiliwe."

Ilikuwa rahisi hivyo. Kabla ya mchana nilikuwa juu ya magunia ya kahawa, kwenye lori la kwenda Bukoba, na Tata alikuwa njiani kurudi nyumbani asikonikuta. Hatukuagana.

Kibeta nilipewa kitanda cha chuma, blanketi na sahani ya bati. Nilikuwa sijawahi kulala peke yangu. Maisha yangu yote nililala ubavuni mwa bibi. Tuliamshwa kwa kengele, tukala kwa kengele, tukaomba kwa kengele. Kihaya kilikatazwa. Upepo wa ziwa ulipanda kilimani ukapiga madirisha, na nyakati nyingine tulisikia honi ya meli ikiingia bandarini. Jumapili wazazi wa wenzangu walikuja na vifurushi, wakakaa na watoto wao chini ya mikaratusi. Mimi nilikaa darasani nikajifanya nasoma. Bibi alinitumia karanga mara kwa mara kupitia kwa mama mmoja wa Kagoma. Kutoka kwa Tata hakikuja kitu, hata salamu.

Likizo ilipofika nilishuka kwenye lori nikakimbia. Tata alikuwa uani anaanika kahawa. Alijifuta mikono, akaninyooshea mmoja.

"Hujambo?" akasema. "Habari za safari?"

Kilikuwa Kiswahili, rafiki yangu. Kiswahili cha barazani, alichokitumia kwa matarishi na kwa Wahindi wa dukani. Nilipiga magoti nikamjibu kwa Kihaya, lakini alikwisha kuuachia mkono wangu. Ndani, bibi alikuwa ameazima kiti kwa jirani ili nikalie. Nilikaa juu ya kiti hicho, wao wamekaa kwenye nyasi, na sikujua miguu yangu niiweke wapi.

Ulikuwa msimu wa senene. Kule shuleni mwalimu wa Kizungu alitwambia mwiko ule ni upuuzi, na wasichana wote tuliwala. Nilipokuwa nakaanga nilimtupa mmoja mdomoni bila kuwaza. Bibi, ambaye wakati huo alikuwa haoni tena, alisikia nilivyotafuna. Hakunigombeza. Siku ile alinipakulia sahani yangu peke yangu, tusile tena pamoja.

Nilisoma, nikawa mwalimu. Wazee wa mchumba wangu walipokuja na pombe yao ya ndizi kuniomba, Tata aliwasikiliza kwa adabu, kisha akawaambia, "Waulizeni waliomlea." Akatoka kwenda shambani. Baba mdogo ndiye aliyepokea ile pombe.

Miaka ya mwisho ya Mwingereza Tata aliugua, nikaja kumuuguza. Jioni moja nikiwa namkanda miguu, nilimweleza yale ambayo nilikuwa sijawahi kuyatamka. Kwamba sikuichagua shule. Kwamba nilimwona mtaroni nikashindwa kuvumilia, nikaenda ili aachiliwe.

Aliinua kichwa kutoka mtoni, akanitazama.

"Mwana wange," akasema, "nani alikwambia nilikuwa nimechoka?"

Nikaendelea kumkanda. Hatukulizungumza tena, na kabla ya mavuno ya kahawa tulimzika.

Leo msonge haupo, bibi hayupo, na migomba mingi imekufa kwa mnyauko. Waliogombania kunilea wameondoka wote, mkama, Mwingereza, na Tata. Nikipita njiani Kagoma watoto wa majirani huniamkia vizuri sana. "Shikamoo, mwalimu." Naitikia, naendelea na safari. Aliyekuwa akiniita mwana amelala pale nyuma ya mibuni, nami nimebaki kuwa mwalimu wa kila mtu.