Kaeru na Mnunuzi Asiyejua Ukoo Wake

Ijumaa, tarehe 21 Februari 2025. Jua kali tangu asubuhi, upepo kutoka upande wa Isiolo, vumbi hadi ndani ya vikombe. Mlima haukuonekana.

Jioni hiyo jirani yangu Mwongera aliuza ng'ombe wake wa mwisho. Nyasi za hapa kwetu Ruiri zilikuwa zimeisha na magoti yake hayakuweza tena kufuata malisho. Kaeru, ng'ombe mwenye kichwa cheupe, alikuwa na mimba ya miezi saba na mbavu zilianza kuhesabika. Asingepata boma lenye majani, angekufa pamoja na ndama.

Mnunuzi alikuwa kijana aitwaye Mwenda, mwalimu wa Githongo, kule ambako majani ya kulishia ng'ombe hayakauki. Alimzunguka Kaeru mara mbili, akampapasa mgongo, akaridhika. Hakugusa kiwele. Hata angekigusa, ng'ombe alikuwa amekaushwa, hakamwi, na asiyeambiwa hawezi kujua kwamba chuchu moja ya nyuma ilikufa kwa ugonjwa miaka miwili iliyopita.

Mwongera hakusema. Kabla ya kupeana mikono aliuliza tu swali ambalo amewauliza wanunuzi maisha yake yote: "Mwalimu, wewe ni wa ukoo gani?"

Mwenda akacheka. "Ukoo wangu ni wa chaki, mzee. Nimekulia Embu mjini. Baba alifariki nikiwa mdogo, na mama ni Mmbeere. Hayo ya ukoo hakuna aliyeniambia."

Wakakubaliana kwamba pikapu itakuja asubuhi. Lakini Mwongera alibaki ameegemea boma, na chai yake ikapoa.

Alinieleza mwenyewe baadaye, ingawa mengi nilikuwa nayajua. Alilelewa na baba aliyeuza mifugo katika soko la Ruiri, siku zile watu walipokuja kwa miguu na kila mtu alitaja ukoo wake hata kabla ya kuomba maji. Sheria ya baba yake ilikuwa moja. Mnunuzi ana macho, aangalie mwenyewe; muuzaji halazimiki kumwonyesha kasoro. Isipokuwa mtu wa gichiaro, yaani wa ule ukoo ambao mababu zetu walikula nao kiapo cha undugu. Huyo humdanganyi, humnyimi, humfichi kitu. Ukimficha, kiapo kinaingia nyumbani kwako kama laana.

Mwongera anakumbuka siku baba yake alipouza fahali mwenye kwato mbovu, kisha akasikia watu wakimtaja mnunuzi kwa ukoo. Wa gichiaro. Baba aliacha soko zima, akamfuata yule mtu hadi Kiirua, Mwongera, mtoto wakati huo, akikimbia nyuma yake na chupa ya uji. Walirudi na fahali wao. Njiani baba aliimba. Sikumuuliza Mwongera wimbo ulikuwa upi.

Mkewe Lenah amelelewa nyumba ya kanisa. Kwake kunyamaza ni kudanganya, awe nani mbele yako, na wamebishana juu ya hilo tangu waoane. Jioni hiyo hakubishana. Alimmiminia chai nyingine.

"Baba Kinya, wewe hujui kama ni wa gichiaro?"

"Sijui. Na yeye hajui."

"Basi mchukue kuwa ndiye."

"Na akija mwingine kesho? Hawa watoto wote siku hizi hawajui."

"Basi utawaambia wote," Lenah akasema, akaanza kucheka. Kumbe kusahau kwa vijana kumefanya kazi iliyomshinda mchungaji wa kanisa kwa miaka arobaini.

Mwongera hakucheka. Alisema kwamba zamani ilikuwa rahisi; ulijua nani wa kumwogopa. Kisha akasema kwamba kijana akighairi, Kaeru atakufa hapa hapa bomani, na ni yeye atakayemwangalia. Lenah akaacha kucheka.

Asubuhi iliyofuata pikapu ilipofika, Mwongera hakufungua kamba. Aliinama kwa taabu, akaushika mkono wa Mwenda, akauweka kwenye chuchu ya nyuma.

"Hii imekufa. Hizo tatu zimetulisha."

Mwenda aliipapasa kwa muda. "Mbona hukuniambia jana?"

"Jana nilikuwa nangoja kujua wewe ni nani."

Kijana alimtazama, akatazama mbavu za Kaeru. Akaomba apunguziwe kidogo, naye Mwongera akapunguza. Ng'ombe alipokataa kutulia ndani ya pikapu, Mwongera aliomba yeye mwenyewe asukumwe apande. Akakaa kwenye majani yaliyotandikwa humo, kamba mkononi karibu na pembe, akaenda naye hadi Githongo.