Nilingoja mutoto arudie kutoka Omate afunike nyumba, kisha nikapanda juu mimi mwenyewe

Wakuu, hodi hapa ndani. Munisogezee nafasi kidogo, mimi mama yenu wa Burungu, kule Masisi, Kongo.

Ninaandika pole pole kwa kidole kimoja, na masomo yangu iliishia ku primeri, kwa hiyo makosa ya maandishi muipite. Habari yenyewe ni ya kweli. Wote niko nataja wako hai, isipokuwa bwana yangu.

Bwana yangu alikuwa Papa Anselme. Aliniachia nyumba ya manyasi, shamba ya maharagi na mihogo, na mutoto mumoja mwanaume, Bahati. Bahati alienda kuchimba zahabu ku Omate, upande wa Walikale.

Mwaka ule ule tulizika Papa Anselme, nyumba ikaanza kuvuja.

Kwa yule asiyejua: kwetu mbegu ya maharagi tunaiweka juu ya moto, pale moshi inapita, wadudu wasiiguse. Sasa tundu ilifunguka juu ya pale pale. Mvua inanyesha, mbegu inalowa, inaota ndani ya kitunga mbele sijaipanda. Wakati wa kulima ukifika, niko ku mulango ya watu naomba mbegu.

Na ile haikuwa mbegu ya soko. Ilikuwa maharagi yenye madoa, mama mukwe wangu alinipa nikiwa bibi-harusi. Ilibakia ya kujaza kikombe. Ikilowa tena, imekwisha ku ule mulima wote, sababu wengine hawana.

Mukiniuliza kwa nini sikufunika nyumba, nilikuwa na jibu. Wakuu, nilikuwa na majibu mengi.

Kwetu mwanamuke hapandi juu ya nyumba. Anakata manyasi, anabeba, anarusha juu, mwanaume njo anafunga. Na nyumba ya mujane inafunikwa na mutoto wake. Shemeji yangu, Papa Musafiri, alisema yeye hawezi kumunyanganya Bahati kazi yake, itakuwa haya.

Kwa hiyo tunangoja Bahati. Kila rezo ya simu ikikubali aliniambia, mama, mwezi kesho.

Tena kulikuwa vita. Hii haikuwa uongo, tulikimbia, tukarudia, tukakimbia tena. Nani atafunika nyumba yenye ataacha kesho?

Tena magoti, nilisema inaniuma.

Lakini muangalie vizuri. Vita ikitulia kidogo, majirani walifunika zao. Mimi nilibakia kusema vita. Na hayo magoti ilikuwa inapanda mulima kila siku na muzigo ya kuni, haikunikatalia hata siku moja.

Mwenye alinifungua macho ni Mama Ester. Alikimbilia kwetu akitoka Walikale, kule ndani ya pori, akajenga karibu na mimi. Nyumba yake alifunika yeye mwenyewe, kwa majani makubwa makubwa. Siku moja mvua ikatukuta mu nyumba yangu, tumeinama kando ya ukuta sawa kuku. Nikamuelezea ile desturi.

Akaniuliza, «Mama Bahati, nyumba za huku iko na wivu?»

Nikamuambia asicheke, ni mambo ya wazee.

«Kwetu wanawake njo wanapanda. Mwanaume anabakia chini, anasema angalia, angalia.»

Nilicheka na yeye, lakini ile neno ilinilalia vibaya. Asubuhi nikaenda kwa Shangazi Sifa, dada mukubwa wa bwana yangu. Huyu njo anashika desturi zote za nyumba yetu. Nilitaka aniambie kabisa: mwanamuke akipanda, inamufikia nini? Anakuwa kipofu? Mutoto wake anakufa?

Shangazi Sifa alikuwa anamenya mihogo. Akamenya ingine mbele ya kunijibu.

Akasema watu wa zamani hawakutaka mwanamuke apande juu ya kichwa ya bwana yake. Sasa bwana yangu iko chini ya udongo, hata nikitembea mu njia niko juu yake. Kisha akaangalia ku mulango kama hakuna muntu.

«Mimi nilishapanda. Kulikuwa ukungu.»

Ile siku nilirudia nyumbani bila jibu hata moja. Ya kwanza, ile ya desturi, ilikuwa imeanguka, na zingine zilikuwa zinaegemea juu yake.

Wenye walinisaidia kukata na kubeba manyasi siwezi kuwasahau: Mama Jeanne wa ku kisima, Furaha muke wa Mateso, Nyota na wifi yake Clementine, na Espérance mwenye iko na mwanya. Mungu awalipe. Mama Ester hakuwako, alienda ku Kirotshe, binti yake alikuwa anazaa.

Nikafunga rozari yangu ndani ya kitambaa, nikapanda ngazi.

Watu walikuja kuangalia. Nami niliangalia wao. Papa Musafiri iko na upara pale katikati ya kichwa, miaka yote sikujua.

Nikatoa manyasi ya zamani, nikafunga mapya. Nilianzia juu, ku kichwa ya nyumba, nikashuka mpaka chini. Nikatelemuka nikiwa najiona bibi-harusi tena.

Mvua ya kwanza ikaingia mu nyumba kupita zamani.

Haikuwa tundu moja tena, ilikuwa kila fasi. Nilikamata ile kikombe ya mbegu nikaiweka kifuani, ndani ya nguo, nikakaa nayo vile mpaka mvua ikaisha.

Papa Musafiri akakuja na watu. Akasimama ku mulango, akaniambia kwa sauti ya huruma kwamba walinionya, nyumba imenikataa, nitulie sasa, Bahati atakuja.

Wakuu, hapa njo nataka mutulie kidogo. Ile ilikuwa sababu nzuri kupita zote nilishapata. Ningesema tu ndiyo, desturi imeniazibu, na hakuna muntu angeniuliza tena kitu mpaka nife.

Nikaangalia inje. Jogoo yangu ilikuwa imesimama mu mvua ya mwisho, inajikung'uta, ngozi yake kavu. Manyoya ya juu inalalia ya chini. Maji inateleza, inaenda zake. Mimi nililaza ya chini juu ya ya juu, maji inapita katikati. Maisha yangu yote nilirusha manyasi kutoka chini, sikujua huko juu wanaanzia wapi.

«Papa Musafiri, nyumba haijanikataa. Nilianzia juu, na inafaa kuanzia chini. Kosa ni yangu, kwa hiyo hata dawa iko kwangu.»

Akasema, «Muke wetu, utavunjika.»

Nikamuambia kama nikivunjika, atakuwa na hadisi ya kuhadisia. Basi anishikie ngazi.

Na alishika. Analalamika, lakini alishika.

Nikafungua yote. Nikaanzia chini, kila safu inalalia ile ya chini yake, mpaka ku kichwa ya nyumba. Mikono ilipasuka. Pale juu nikaona shamba yangu yote kwa mara ya kwanza, nikaimba wimbo wa kanisa, na Furaha mule chini akaitikia.

Mvua kubwa ikakuja, ile ya mawe. Tulijaa mu nyumba: Mama Jeanne, Nyota, Clementine, Papa Musafiri na muke wake. Wote wanaangalia juu. Tunangoja tone moja. Halikuanguka.

Mbegu yangu nikaipandisha juu ya moto, na wakati wa kulima nikaishusha kavu, inalia ndani ya kikombe.

Nilikuwa napanda maharagi siku Bahati alifika. Akasimama mbele ya nyumba, mikono ku kiuno.

«Mama, nani amefunika?»

«Mwenye alikuwa karibu.»

Akazunguka nyumba, anatafuta fasi atatengeneza. Hakuona. Nikamuambia huko juu kazi imeisha, akamate jembe.

Ninachojua sasa: sababu zangu hazikuwa uongo. Vita ilikuwa ya kweli, desturi ya kweli, Bahati alikuwa mbali kweli. Lakini mvua haikuniuliza sababu, ililowesha mbegu tu. Mutoto atakuja siku yake. Wewe anza na mikono ile uko nayo, na ukikosea, sema nimekosea, fungua, funga tena.

Basi nimemaliza, wakuu. Nanyi muniandikie hapa chini: ile nyumba yako inavuja, uko unangoja nani?