Bibi Hujambo na Simu Ishirini kwa Siku

Saa tatu asubuhi, Bibi Hujambo ameshamaliza simu moja. Moja tu. Vijana aliokaa nao kwenye meza ndefu ya ofisi ya kampeni wako kwenye simu ya kumi na moja.

"Na mguu je, bado unavimba?" anauliza. "Haya, uuweke juu ya mto, baba. Sasa, nimekupigia kuhusu mgombea wetu..."

Jina hilo wamempachika vijana, kwa salamu zake zisizoisha. Ni mkunga mstaafu, miaka sitini na saba. Wenzake wanalipwa kwa kila simu. Yeye anajitolea, anapewa nauli na chai, basi.

"Nyumbani nina redio," anasema. "Inaongea kutwa, lakini haijawahi kuniuliza nimeamkaje."

Lengo ni simu themanini kwa siku. Yeye akijikaza sana, ishirini. Na fomu zake za kuandika majibu ya wapiga kura zimejaa "hapana", maana kudanganya hataki.

Juzi msimamizi, kijana asiyecheka ovyo, akamwambia simu yake anapewa mtu mwenye kasi. Yeye akakunje vipeperushi.

"Mwanangu, hata mtoto hatoki tumboni kwa kufokewa," bibi akamjibu. Meza nzima ikaangua kicheko. Msimamizi wala.

Ila kabla ya kumnyang'anya simu, ilibidi ahakiki fomu, awapigie tena waliosema "ndiyo". Wengi waliopigiwa na vijana wakamshangaa: "Ndiyo gani? Nani alinipigia?" Mmoja akamtukana kabisa.

Akahamia kwenye orodha ya bibi.

"Kura yangu mnayo," akajibu fundi cherehani mmoja. "Lakini wewe nani? Yule mama yuko wapi? Anaumwa?"

Wa pili akauliza hivyohivyo. Msimamizi akajaribu na mmoja wa "hapana".

"Huyo mtu wenu simtaki," akaambiwa. "Ila mama nisalimie."

Akarudi mezani, akamsogezea bibi simu yake.

"Endelea, bibi. Ila zifike hata thelathini."

"Ishirini na tano," bibi akapunguza, kama yuko sokoni.

Ukimuuliza anataka nini uchaguzi ukiisha, cheo hakitaji. Anaomba aachiwe simu wiki moja, awapigie wote tena, mgombea ashinde asishinde.

"Huwezi kumgongea mtu mlango ukiwa na shida, halafu ikiisha unampita kama humjui," anasema. "Na nitaanza na wale wa hapana. Hao ndio walioniambia ukweli."