Mita Chini ya Mabua

Wiki jana, hapa Timau, nilimwona fundi wa maji akifungua mita ya jirani kwa spana, nikakumbuka alasiri moja nyumbani kwetu Kianjai.

Kulikuwa na kiangazi kikali. Maji ya mfereji yalikuja kwa mgao, siku moja tu kwa wiki, na bado bili ilizidi kupanda. Mama alikuwa ameifunika mita kwa mabua ya mahindi. Mimi nilidhani anaikinga na jua.

Mwanamume mwenye ovaroli ya buluu aliingia uani akinuka grisi na vumbi. Mama alikuwa nyuma ya nyumba, akimnywesha ng'ombe maji tuliyosuuzia vyombo.

"Mtoto, mita yenu iko wapi?" aliniuliza.

Nilifurahi sana, nikijua ametuletea maji. Niliyaondoa mabua kwa mikono yangu mwenyewe, kisha nikapiga kelele, "Mama, maji yanarudi!"

Mama alikuja mbio. "Kijana wangu, tafadhali ngoja tuvune maharagwe, nitalipa deni lote," alimwomba.

"Mama, mimi nimetumwa tu," alijibu, na spana ikaendelea kukwaruza chuma. Aliitia mita kwenye gunia, akaondoka.

Mama hakunigombeza. Aliketi palepale kwenye vumbi. Maharagwe yalikauka msimu ule, na ng'ombe akauzwa.

Sasa najua nilichofanya. Wakati ule, kila asubuhi niliweka ndoo chini ya mfereji, nikimngoja yule fundi arudi, na hakuna mtu nyumbani aliyekuwa na moyo wa kunieleza.